Fungu lako mezani ni kiasi gani? Hesabu ya karata, mkeka na fedha za pamba

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, fedha huingia Simiyu kwa mkupuo. Mkulima aliyepanda Novemba au Desemba, akapalilia, akapiga dawa na kuchuma, hulipwa kwa siku chache jasho la zaidi ya nusu mwaka. Kuanzia Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, huu ndio wakati wa kununua bati, kulipa ada, kuongeza ng'ombe na kulipa madeni ya dukani.

Ndio wakati pia ambao michezo ya fedha huchangamka. Vijana hutengeneza mikeka ya mpira kwenye simu, mashine za sarafu hulia kwenye vibanda, watu wa karata tatu hutandika boksi lao kwenye magulio, na siku hizi wapo wanaojifunza mchezo wa poka kupitia simu. Swali tunalolisikia mara kwa mara ni moja: je, kuna hesabu ya kushinda, au yote ni bahati?

Jibu ni kwamba hesabu ipo, nayo ni ya zamani. Haimwambii mtu karata gani itatoka. Inamwambia jambo dogo zaidi lakini lenye faida kubwa: katika fedha zilizopo mezani, sehemu yake halali ni kiasi gani kwa sasa, na je, bei anayoombwa kulipa ili aendelee inalingana na sehemu hiyo? Wacheza poka huiita sehemu hiyo ekwiti. Sisi katika makala haya tutaiita fungu.

Tunaeleza hesabu hii kwa sababu mtu anayeielewa hupata kipimo cha kupimia kila mchezo atakaoletewa. Na kama tutakavyoona, michezo mingi inayomfuata mkulima wakati wa pamba haipiti kipimo hicho.

Mchezo uliokatishwa na mvua

Tuanze na mfano usio na karata. Vijana wawili wamekaa chini ya mwembe. Kila mmoja ametoa shilingi 2,000, kwa hiyo pembeni kuna shilingi 4,000. Wanarusha sarafu ya shilingi 200. Ikionyesha picha ya Karume, pointi ni ya kijana wa kwanza. Ikionyesha simba, pointi ni ya kijana wa pili. Atakayetangulia kufikisha pointi tatu anachukua zote.

Wa kwanza ana pointi mbili, wa pili ana moja. Mara mvua kubwa inashuka na mchezo unavunjika. Fedha zigawanywe vipi?

Wa pili atasema kila mtu achukue zake 2,000, maana mchezo haujaisha. Wa kwanza atasema yeye alikuwa anaongoza, achukue zote. Wote wawili wamekosea.

Fikiria sarafu ingerushwa mara moja zaidi. Ikitoka Karume, kijana wa kwanza amefikisha tatu na kuchukua 4,000. Ikitoka simba, wamefungana mbili kwa mbili, na hapo kila mmoja anastahili 2,000. Maana yake ni kwamba kijana wa kwanza ana uhakika wa 2,000 kwa vyovyote vile. Zile 2,000 nyingine ni nusu kwa nusu, kwa hiyo apewe nusu yake, yaani 1,000. Fungu lake ni 3,000 na fungu la mwenzake ni 1,000.

Swali la aina hii ndilo lililowashughulisha Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, katika barua walizoandikiana mwaka 1654. Waliulizana namna ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa, na kutokana na barua hizo somo la uwezekano katika hisabati lilipata msingi wake. Kampuni za bima na mabenki leo hutumia hesabu iliyokua kutoka kwenye swali hilo.

Jambo la kushika hapa ni hili: fungu si kile utakachopata mwishoni. Mchezo ukiisha, mmoja atachukua zote na mwingine hatapata kitu. Fungu ni thamani ya nafasi uliyonayo sasa, kabla mambo hayajajulikana.

Kutoka kwenye sarafu kwenda kwenye karata

Wazee wa Kisukuma wana isolo, bao lao. Katika isolo kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili. Aliyeshindwa ameshindwa kwa akili, hana pa kusingizia. Karata ni tofauti, kwa sababu kuna kilichofichwa. Huoni karata za mwenzako, wala huoni zitakazofunuliwa baadaye. Ndiyo maana mcheza karata huhitaji kukadiria fungu.

Katika poka ya aina ya Texas Hold'em, inayochezwa zaidi duniani, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza na kutumiwa na wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua kuna nafasi ya kuweka dau, kufuata dau la mwenzako au kutupa karata zako na kujitoa. Mwishoni, mwenye mkusanyiko bora wa karata tano ndiye anayechukua fedha za mezani.

Sasa tuseme unashika 8 na 7, zote za kopa. Mezani zimefunuliwa mfalme wa kopa, 3 ya kopa na malkia wa pau. Mwenzako anaweka dau kwa kujiamini, na wewe unaamini ana mfalme mwingine mkononi, yaani tayari ana wafalme wawili. Kwa sasa yeye yuko mbele. Lakini una kopa nne, mbili mkononi na mbili mezani. Ikitoka kopa moja zaidi utakuwa na kopa tano, na kopa tano hushinda wafalme wawili.

Je, fungu lako ni kiasi gani? Hesabu ni ya kuhesabu vidole tu. Pakiti ina karata 52 na alama nne, yaani kopa, uru, shupaza na pau, kila moja ikiwa na karata 13. Kopa nne umeziona, kwa hiyo zimebaki tisa. Hizo tisa ndizo karata za kukuokoa. Karata ambazo hujaziona ni 52 ukiondoa mbili za mkononi na tatu za mezani, yaani 47.

Kwa karata inayofuata peke yake, nafasi yako ni 9 kati ya 47, takriban asilimia 19. Kwa karata zote mbili zilizobaki, nafasi ya kuona angalau kopa moja ni takriban asilimia 35.

Wachezaji hawafanyi hesabu ndefu mezani. Wana njia ya mkato: hesabu karata za kukuokoa, zidisha kwa 4 kama zimebaki karata mbili kufunuliwa, zidisha kwa 2 kama imebaki moja. Tisa mara nne ni 36, tisa mara mbili ni 18. Si hesabu kamili lakini iko karibu sana na ukweli.

Fungu peke yake halitoshi: uliza bei

Asilimia 19 ni nyingi au kidogo? Swali hilo halina jibu mpaka ujue bei. Ni kama kuuliza kama gunia la mahindi ni ghali bila kutaja linauzwa shilingi ngapi.

Tuseme karata ya nne imefunuliwa na haikuwa kopa. Imebaki moja. Karata usizoziona sasa ni 46, na nafasi yako ni 9 kati ya 46, karibu asilimia 20. Mezani kuna shilingi 10,000. Mwenzako anaongeza 5,000. Mezani sasa pana 15,000, na wewe unatakiwa kulipa 5,000 ili uone karata ya mwisho.

Ukilipa, jumla itakuwa 20,000, na mchango wako mpya ni 5,000, yaani robo. Kwa hiyo unanunua kwa bei ya asilimia 25 kitu chenye thamani ya asilimia 20. Hiyo ni biashara mbaya. Tupa karata.

Kama unatilia shaka, fikiria hali hiyohiyo imejirudia mara 46. Utashinda mara 9, kila mara 15,000, jumla 135,000. Utapoteza mara 37, kila mara 5,000, jumla 185,000. Umeondoka na hasara ya 50,000.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mezani kulikuwa na 30,000 badala ya 10,000, na mwenzako ameongeza 5,000 zilezile. Ukilipa 5,000 jumla itakuwa 40,000, na mchango wako ni asilimia 12.5. Fungu lako bado ni karibu asilimia 20. Hapa unanunua kwa bei ya chini. Katika mara 46, utapata 35,000 mara 9, yaani 315,000, na kupoteza 185,000. Faida ni 130,000.

Karata ni zilezile, mwenzako ni yuleyule, nafasi ya kushinda ni ileile. Kilichobadilika ni bei. Ndiyo maana mchezaji mzuri hasemi tu kwamba karata zake ni nzuri. Anauliza fungu lake ni kiasi gani na anauziwa kwa bei gani.

Mambo matatu ambayo watu hukosea

La kwanza ni kudhani kwamba fedha uliyokwisha weka bado ni yako. Mtu husema, "Nimeshatia 20,000, siwezi kujitoa sasa." Lakini 20,000 hizo ni mali ya meza, hazikujui tena. Kinachohesabiwa ni dau jipya unaloombwa na fungu lililobaki. Msemo wetu wa maji yakimwagika hayazoleki unafaa hapa kuliko popote.

La pili ni kupima uamuzi kwa matokeo. Ukishika ree mbili na mwenzako akashika wafalme wawili, kabla ya karata yoyote ya mezani kufunuliwa fungu lako ni takriban asilimia 82. Ni nafasi nzuri sana. Bado, katika kila mara 100, utashindwa takriban mara 18. Aliyeshindwa kwa ree mbili hakukosea, na aliyeshinda kwa wafalme wawili hakuwa na akili zaidi. Kinyume chake pia ni kweli: kijana aliyepata fedha nyingi kwenye mkeka wiki iliyopita hajathibitisha kwamba kubeti ni biashara nzuri. Amethibitisha tu kwamba katika watu wengi wanaocheza, mmoja hushinda.

La tatu ni kusahau kilichofichwa. Katika mfano wetu tulidhani mwenzako ana wafalme wawili. Huenda naye anashika kopa mbili kubwa kuliko zako. Ikiwa hivyo, kopa ya tano unayoiomba ndiyo itakayokumaliza. Kwa hiyo fungu unalokadiria mara nyingi ni kiwango cha juu, si uhakika. Tena nyumba inayoendesha mchezo, iwe kasino au programu ya simu, hukata sehemu yake kwenye fedha za mezani. Wachezaji wenye uwezo sawa wakicheza muda mrefu, wote hupungukiwa, na anayenufaika ni mwenye meza.

Karata tatu: fungu unaloliona na fungu ulilonalo

Sasa tuchukue kipimo hiki tukipeleke kwenye gulio. Mwenye karata tatu ana karata moja ya ushindi na mbili za kupoteza. Anazichanganya mbele yako, anazilaza kifudifudi, unaonyesha moja. Weka 10,000, ukipatia unapewa 10,000 juu yake.

Tuseme kwanza kwamba mchezo ni wa haki kabisa. Karata ziko tatu, ya ushindi ni moja, kwa hiyo fungu lako ni moja ya tatu, asilimia 33. Bei je? Unaweka 10,000 ili jumla iwe 20,000, kwa hiyo unanunua kwa asilimia 50. Hata bila udanganyifu wowote, katika kila raundi tatu utashinda mara moja na kupoteza mara mbili, ukiwa umeacha 10,000 pale.

Mwenye mchezo anajua kwamba mtu mwenye akili atakataa bei hiyo. Ndiyo maana huhakikisha unaamini kwamba umeiona karata, kwamba fungu lako si asilimia 33 bali 100. Karata inapindwa pembe kidogo. Mtu aliyesimama jirani yako anashinda mara mbili mfululizo na kukunong'oneza mahali ilipo. Huyo jirani ni mwenzao. Mikono inayochanganya ina ufundi wa kubadilisha karata wakati wa kuitupa. Fungu lako la kweli ni sifuri.

Kanuni ya kutoka nayo hapa ni rahisi. Mtu asiyekufahamu akikuuzia kwa nusu bei kitu unachodhani ni cha uhakika, usihesabu faida. Jiulize kwanza yeye anapata nini.

Mkeka: kwa nini hukosa kwa mechi moja

Kubeti mpira ni biashara halali nchini, inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini kuwa halali hakumaanishi bei ni nzuri.

Chukua mechi ambayo kampuni inatoa odi 1.85 kwa magoli kuzidi mawili na nusu, na odi 1.85 kwa magoli kuwa chini ya hapo. Kampuni inakuambia pande zote mbili ziko sawa, nusu kwa nusu. Kama ni nusu kwa nusu, odi ya haki ni 2.00: weka 1,000, ukishinda rudi na 2,000. Wao wanalipa 1,850. Ukicheza mara mbili kwa 1,000 kila moja, ukashinda moja, umetoa 2,000 na kurudi na 1,850. Katika kila 1,000 unayoweka, fungu lako ni 925. Shilingi 75 zimekatwa kabla mpira haujaanza.

Asilimia saba na nusu si mbaya sana, mtu atasema. Lakini watu wachache huku kwetu hucheza mechi moja. Tunatengeneza mkeka wa mechi tano, kumi, hata zaidi, kwa sababu odi zinazidishana na fedha ya ushindi inaonekana kubwa. Tatizo ni kwamba makato nayo yanazidishana.

Mkeka wa mechi tano za odi 1.85 hulipa takriban 21,670 kwa dau la 1,000. Nafasi ya kupatia zote tano, kama kila moja ni nusu kwa nusu, ni 1 kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa 32,000. Fungu lako katika 1,000 limeshuka hadi takriban 677.

Mkeka wa mechi kumi hulipa takriban 469,600. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 1,024. Fikiria watu 1,024, kila mmoja na mkeka wake tofauti wa mechi hizohizo kumi, kiasi kwamba kila matokeo yanayowezekana yana mtu wake. Kwa jumla wametoa 1,024,000. Mmoja anachukua 469,600. Zaidi ya 554,000 zimebaki kwa kampuni. Fungu la kila mmoja katika 1,000 yake ni chini ya 460. Na hiyo ni kabla ya kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayebeti analijua moyoni lakini wachache wamelihesabu. Mkeka huchanika kwa mechi moja. Mtu hupatia tisa, ya kumi ikaharibu, naye huona kwamba alikaribia kabisa, wiki ijayo atapata. Katika mikeka 1,024 tuliyoitaja, mmoja umepatia zote kumi, lakini mikeka iliyopatia tisa na kukosa moja ni kumi kamili. Kukosa kwa mechi moja hutokea mara kumi zaidi ya kushinda. Kwa hiyo si dalili kwamba ushindi uko karibu. Ndivyo mkeka mrefu unavyofanya kazi, na mwenye mkeka wa tisa halipwi tofauti na mwenye mkeka wa mbili, isipokuwa kampuni iwe imetangaza vinginevyo.

Je, mtu anayejua mpira vizuri hawezi kushinda? Kwa odi ya 1.85 anahitaji kupatia zaidi ya asilimia 54 ya mechi zake, mwaka mzima, ili tu asipoteze. Anashindana na kampuni yenye wataalamu na takwimu za kila ligi. Wapo duniani wanaoweza, lakini ni wachache sana, na hawafanyi hivyo kwa mikeka ya mechi kumi.

Mashine za sarafu, ambazo wengi huziita dubwi au bonanza, ndizo zenye hesabu fupi kuliko zote. Katika karata angalau unaona baadhi ya karata na unaweza kujitoa bei ikiwa mbaya. Kwenye mashine huoni kitu cha kuhesabu. Kiwango cha kurudisha kimepangwa ndani yake, nacho ni chini ya kile kinachoingizwa, la sivyo mwenye mashine asingeiweka. Wala mashine haikumbuki kwamba imekula 10,000 zako tangu asubuhi. Kila sarafu inaanza upya.

Hesabu hiyohiyo shambani

Msomaji anaweza kuuliza: mbona kilimo nacho ni kamari? Mvua inaweza kukatika Januari, wadudu wakaja, bei ikashuka. Ni kweli kwamba mkulima wa Simiyu huamua kila msimu bila kujua kitakachotokea. Lakini tofauti ni kwamba shambani hakuna mwenye meza aliyepanga bei ili ushindwe. Ndiyo maana hesabu ya fungu ina faida zaidi shambani kuliko kwenye kamari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvua imekata na ekari yako ya mwisho ya pamba imejaa magugu. Vibarua wa palizi wanataka 40,000. Ukipalilia na mvua ikarudi, unakadiria utavuna pamba ya shilingi 150,000 zaidi ya ile ambayo ungepata bila kupalilia. Mvua isiporudi, 40,000 zimepotea. Bei unayolipa ni 40,000 kwa 150,000, takriban asilimia 27. Sasa waulize wazee, au angalia kumbukumbu zako: katika misimu kumi iliyopita, mvua ilipokatika wakati kama huu, ilirudi mara ngapi? Kama ni mara sita, fungu lako ni asilimia 60 na palizi ni biashara nzuri. Kama ni mara mbili, acha ekari hiyo, tunza 40,000.

Angalia pia tusichokihesabu: fedha uliyokwisha tumia kulima na kupanda ekari hiyo. Imekwisha ingia ardhini. Iwe ulitumia 50,000 au 200,000, swali la leo ni 40,000 za leo tu.

Usiweke fedha zote hata fungu likiwa kubwa

Kuna onyo la mwisho ambalo hesabu yenyewe inalitoa. Turudi kwenye ree mbili dhidi ya wafalme wawili. Fungu la asilimia 82 ni zuri kiasi kwamba ni kosa kulikataa kwa dau dogo. Lakini mtu akiweka fedha zote za pamba hapo, ana takriban nafasi 18 katika 100 ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Akirudia mara tatu, kila mara akiweka zote, nafasi ya kutoka salama mara zote tatu ni takriban asilimia 55. Mtu anayechagua vizuri kila mara, lakini anaweka kila kitu kila mara, ataanguka siku moja, na siku hiyo hatakuwa na cha kuanzia upya.

Shilingi 500,000 za ada na chakula cha familia si sawa na shilingi 500,000 za ziada. Ukizidisha ulichonacho mara mbili, maisha hayawi mazuri mara mbili. Ukikipoteza chote, mtoto anakaa nyumbani na shamba la msimu ujao halina mbegu. Hesabu ya fungu hupima shilingi, haipimi uchungu huo. Hilo ni la kupimwa na baba na mama wakiwa wamekaa pamoja kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwa hiyo, mtu akikuita mezani, iwe ni karata, mkeka, mashine au mpango wa kibiashara wenye faida ya haraka, jiulize maswali manne. Fungu langu la kweli ni kiasi gani? Naombwa kulipa bei gani? Nani anakata sehemu yake katikati? Na nikishindwa, nitakula nini kesho? Kama huwezi kujibu la kwanza, ujue kwamba aliyekuita analijua jibu lake.